Kujilinda na Kujilipiza Kisasi



Liko swali ambalo walimu wa sharika huulizwa katika nchi ya Rufiji, nalo ni hili: Je, Mkristo aweza kujilinda kwa mkono wake, mtu akimjia kwa shari? Wengine hujibu upesi kwamba hawezi, kwa kuwa Bwana ametuagiza kugeuza shavu la pili. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba aweza, maana hata kuku huwapigania vifaranga wake. Twaona ya kuwa majibu yote mawili yametoka kabla swali halijatazamwa vema. Basi na tulitazame kwa utaratibu, kwa sababu watu wamekufa katika nchi hii kwa kutojua mpaka ulio kati ya kujilinda na kujilipiza kisasi.

Kwanza tuseme habari ya mahali penyewe. Mji wa Ikwiriri uko kando ya njia kuu iendayo kusini, karibu na mto Rufiji na lile daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 2003, liitwalo kwa jina la Rais Mkapa. Watu wa hapa tangu zamani hulima bondeni. Mto ukijaa huleta udongo mzuri. Maji yakipungua watu hupanda katika unyevu uliobaki, nacho ndicho kilimo cha mlau. Katika miaka ya 1968 na 1969, baada ya mafuriko, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni wakakae katika vijiji vya nchi ya juu. Lakini mashamba hayakuweza kuhamishwa. Kwa hiyo wakulima wengi huziacha nyumba zao wakakaa siku nyingi shambani katika dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo, wapate kuyalinda mazao na nguruwe na nyani.

Kisha walikuja wafugaji na ng'ombe wengi, hasa baada ya kuondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007. Mfugaji naye hakuja kwa kupenda ugomvi. Aliambiwa aondoke alikokuwa, na ng'ombe hawezi kuambiwa angoje maji mpaka mwezi ujao. Wakati wa kiangazi maji yako mtoni, na njia ya kwenda mtoni yapita kwenye mahindi ya mtu. Hapo ndipo shari huanzia. Mkulima ameshika panga kwa sababu ni chombo chake cha kazi. Mfugaji ameshika fimbo au mkuki kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyekwenda nyumbani kuchukua silaha. Tayari zimo mikononi.

Mwezi wa Mei mwaka 2012 ugomvi wa namna hii ulilipuka Ikwiriri. Damu ilimwagika, mali ikaharibiwa, na hasira ya watu wachache ikawa hasira ya mji. Na kabla ya hapo, tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, wakulima 38 waliuawa kwa siku moja katika ugomvi wa namna hiyo hiyo, wakiwamo wanawake na watoto.

Yatupasa kulisikiliza neno linalosemwa na kila upande katika mambo kama haya. Mkulima husema, "Nalikuwa najilinda, maana chakula cha watoto wangu kilikuwa kinaliwa." Mfugaji husema, "Nalikuwa najilinda, maana ng'ombe wangu walikuwa wanakatwa mapanga." Vijana watokao mjini kwa kundi husema kwamba wanaulinda mji. Ikiwa kila mtu ajilinda, ni nani basi aliyeshambulia? Neno hili moja limebebeshwa mambo mengi mno. Twahitaji kipimo.

Kipimo hicho twakiona katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Imeandikwa huko habari ya mwivi aliyekutwa akivunja nyumba. Akipigwa usiku hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, mwenye nyumba aliyemwua ana hatia. Tufikiri vema. Mwivi ni yule yule, ukuta ni ule ule, na mali ni ile ile. Kwa nini hukumu yabadilika? Kwa sababu usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama mtu huyu amekuja kutwaa mbuzi au kutwaa roho, wala hana wa kumwita. Mchana aona, aweza kupiga yowe, jirani watakuja, na mwivi atajulikana na kudaiwa. Hatari imepungua, na ruhusa ya kutumia nguvu imepungua pamoja nayo.

Basi kipimo cha kujilinda ni hatari iliyopo. Ubaya wa mtu hautoi kipimo hicho, wala ukubwa wa hasara tuliyoipata, wala haki tuliyo nayo katika daawa. Mtu aweza kuwa na haki yote katika habari ya shamba lake, na bado akawa mwuaji jioni ile ile. Ajilindaye ataka hatari ikome. Ajilipizaye kisasi ataka mtu aumie. Wawili hawa hupiga pigo linalofanana, lakini utawatambua mara hatari ikomapo: wa kwanza huacha, wa pili huendelea.

Tuseme mtu amekujia na panga, ukampiga kwa mpini wa jembe, panga likaanguka naye akakimbia. Mpaka hapo ulijilinda. Ukiliokota lile panga ukamfuata, jua limekwisha kuchomoza. Ukirudi kijijini ukakusanya watu, mkaenda kambini kwake kesho yake, jua limefika utosini. Na yule mtakayemkuta huko pengine ni ndugu yake ambaye hakuwapo kabisa.

Sheria ya nchi yafuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, katika kifungu cha 18A yampa kila mtu haki ya kujilinda nafsi yake, au kumlinda mwingine, au kuilinda mali, juu ya tendo lisilo halali. Lakini kifungu cha 18B chamruhusu kutumia nguvu ya kadiri tu, ile iliyo lazima kwa kujilinda. Aliyezidisha atajibu kwa yale aliyoyatenda. Ni vema walimu waijue sheria hii, kwa maana vijana wengi hudhani ya kuwa aliyeanza ugomvi amepoteza haki zote, na kwamba lolote atakalotendewa ni halali. Sivyo.

Sasa turudi kwenye shavu la pili. Hatutaki kulipunguza agizo la Bwana. Lakini tuangalie yeye mwenyewe alitendaje. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa chini kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake. Hakukaa angoje kusukumwa. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini wala hakunyamaza: alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga. Na Paulo, aliposikia ya kuwa watu zaidi ya arobaini wamekula kiapo kumwua, alimtuma mtoto wa umbu lake kwa jemadari, akapewa askari wa kumchukua usiku. Basi kuondoka mahali pa hatari, kusema neno la haki bila matukano, na kupeleka habari kwa wenye mamlaka, yote matatu ni matendo ya watu wa imani. Asiwepo mtu wa kumcheka aliyekimbia akisema ni mwoga. Wazee wa pwani walisema zamani: mwenye nguvu mpishe.

Tena shavu ninaloweza kuligeuza ni langu. Shavu la jirani si mali yangu hata nilitoe. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alifundisha kwamba Mkristo kwa ajili ya nafsi yake huvumilia, lakini kwa ajili ya jirani hutafuta haki na ulinzi. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya tano, hakutosheka na kukataza kumdhuru jirani mwilini. Aliongeza wajibu wa kumsaidia. Kwa hiyo mtu asimamaye katikati ya mtoto na fimbo ya mlevi aishika amri ya tano, hata akilazimika kumshika mlevi kwa nguvu na kumfunga mikono. Na wale wamwambiao mwanamke anayepigwa nyumbani mwake kwamba avumilie na kugeuza shavu, wafahamu ya kuwa wanakitoa kitu kisicho chao. Mwanamke huyo akikimbilia kwa wazazi wake, au kwa mchungaji, au polisi, hana kosa. Wazee wa usharika wana kazi ya kumfungulia mlango.

Hapa twajua msomaji wa Ikwiriri atatupinga, naye ana haki ya kutupinga. Atasema: "Maneno haya ni mazuri kwa watu wenye ghala iliyojaa. Nimepeleka mashtaka kwa mwenyekiti, nikaambiwa nije Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa afisa hayupo. Hata shauri lilipotajwa, mahindi yalikuwa yamekwisha. Njaa nayo si hatari? Tusipowatisha watarudi."

Hatuwezi kumjibu kwamba hayo si kweli, maana pengine ndivyo yalivyo. Njaa ni hatari, na haki inayocheleweshwa ni mlango wa damu. Kiongozi anayelala juu ya mashtaka ya shamba, au anayepokea kitu chini ya meza, asidhani mikono yake ni safi siku watu watakapouana. Hili tulinene wazi. Lakini tumwulize huyu ndugu: kisasi kitakirudisha chakula? Ng'ombe akikatwa mshipa wa mguu, mahindi hayatatoka tumboni mwake. Na mwenye ng'ombe atafanya hesabu ile ile tuifanyayo sisi: tusipowatisha watarudi. Habari za Kilosa zatufundisha hilo. Mauaji ya siku moja yalitanguliwa na mambo mengi madogo: mashamba kuliwa, ng'ombe kukamatwa na walinzi wa vijiji, watu kupigwa, na kila aliyetenda alisema ya kwamba ajilinda.

Kadhalika tutazame sungusungu. Walianza Usukumani kama mwaka 1981 na 1982, wanavijiji waliochoka na wezi wa ng'ombe na majambazi wakajilinda kwa pinde na filimbi. Ulinzi wao ulileta nafuu katika mahali pengi. Lakini pengine walinzi waligeuka kuwa mahakimu na wenye kuadhibu, wakatesa watu kwa tuhuma tu, hata wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Ulinzi ulipoacha kuiangalia hatari ukaanza kuwatafuta wabaya, haukujua tena mahali pa kusimama.

Nchi ya Rufiji imeonja pia hofu ya namna nyingine. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee askari polisi 8 waliuawa katika wilaya ya Kibiti. Siku kama hizo kila mgeni hutazamwa kwa shuku. Lakini shuku si hatari iliyoonekana. Kumpiga mpita njia kwa sababu hajulikani, au kwa sababu mtu mmoja sokoni amepiga kelele ya mwizi, hakuwezi kuitwa kujilinda hata kidogo. Magazeti huwaita watu wa namna hiyo wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni udhuru. Mkristo akilikuta kundi la namna hiyo asirushe hata jiwe moja. Na akiweza, amlinde yule mtu mpaka polisi wafike. Hiyo nayo ni kumlinda jirani.

Liko jambo jingine ambalo nchi hii yalijua kuliko nchi nyingine. Huko Ngarambe, upande huu wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, wakaamini ya kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza siku chache tu. Hatuwacheki wale wazee. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana walilazimishwa kulima pamba na kutozwa kodi kwa kiboko. Na umoja wao ulikuwa jambo kubwa. Wajerumani wenyewe waliwahesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wamefikisha hata 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto. Twataja habari hii kwa sababu moja: maji yale yaliondoa hofu, lakini hayakuondoa risasi. Dawa iondoayo hofu na kuiacha hatari palepale humwua mwenye kuinywa.

Na leo dawa hiyo ingali inauzwa kwa majina mengine. Kijana avaa kisu kiunoni aendapo kilabuni, naye ajisikia salama. Kwa usalama huo ajibu matukano ambayo bila kisu angeyapita. Mwingine amejifunza mapigo mawili matatu, akadhani amekuwa ngome. Hofu ni mlinzi aliyewekwa na Muumba ndani yetu. Yatupasa kuitii inapotuambia tuondoke, wala tusiilevye kwa pombe au kwa chuma.

Sasa tuseme yanayofaa kutendwa, maana fundisho lisilo na mkono halimsaidii mtu aliye peke yake bondeni.

Kwanza, yale ya kabla ya siku yenyewe. Ulinzi mkubwa hufanywa wakati wa amani. Wakulima na wafugaji wakae pamoja kabla ya kiangazi, waonyeshane njia ya ng'ombe kwenda majini, waiwekee alama, na wajue nani wa kuitwa jambo likitokea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu 7, na 3 kati yao wanawake, kwa kazi ya kusuluhisha. Litumiwe kabla ya damu. Jirani zetu wengi katika nchi hii ni Waislamu. Walimu wetu na mashehe wakienda pamoja katika mashauri haya, neno lao litasikiwa na pande zote. Tena mtu asikae peke yake katika dungu la mbali ikiwa shari imekwisha kunuka. Wawe wawili, na filimbi iwepo.

Pili, yale ya saa yenyewe. Ukikuta ng'ombe shambani, usimkimbilie mchungaji na panga limeinuliwa; mara nyingi ni kijana mdogo mwenye hofu kuliko wewe, na mwenye hofu hupiga kwanza. Simama mbali, umbali ambao fimbo haifiki. Weka panga chini au ulishike upande wa mguu, mikono yako ionekane. Sema pole pole, bila kumtukana kabila wala mama yake. Usimzibie njia ya kuondoka, maana aliyezibiwa hana budi kupigana. Usimkate ng'ombe. Tuma mtu awaite wazee, lakini wawili watatu. Kundi likija, hakuna tena mtu wa kusema naye. Na ukiona macho yake yamebadilika, ondoka. Shamba litabaki pale pale, na hasara yake itahesabiwa kesho.

Hata hivyo akikushambulia, piga yowe, linda kichwa chako, na ukimbilie penye watu au penye nuru. Ukishindwa kukimbia, piga upate nafasi ya kutoka, ukatoke. Akianguka, acha. Akikimbia, mwache aende.

Tatu, yale ya baadaye. Aliyeumia apelekwe hospitali, hata akiwa ni yule aliyekushambulia, naye apate fomu ya polisi iitwayo PF3. Nenda kituoni wewe mwenyewe kabla hujaitwa, ukaseme yaliyotokea bila kuongeza. Hasara ya shamba itazamwe na bwana shamba pamoja na mashahidi kabla mabua hayajakauka. Na zaidi ya yote, usiipeleke habari sokoni ikiwa ingali moto. Habari moto hukusanya vijana, na vijana wakikusanyika jua limekwisha kuchomoza bila wao kuliona.

Mwili wa mtu aliyeshambuliwa hutetemeka saa nyingi baada ya hatari kupita, na hasira yake hudai kazi. Saa hiyo hawezi kuanza kufikiri juu ya Torati wala Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo yampasa kila mmoja kulikata shauri hili sasa, akiwa ametulia nyumbani kwake: nitaacha wapi?

Twamkumbuka Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Alikuwa mfugaji na mkulima pamoja. Wachungaji wa Gerari waligombania kisima chake, akachimba kingine. Wakakigombania hicho nacho, akaenda akachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa. Tusidhani ya kuwa alikuwa dhaifu, maana mfalme Abimeleki alikuwa amekiri kwamba Isaka ana nguvu kuliko wao. Mkulima wa bondeni atatuambia kwamba yeye hana nafasi ya kuchimba kwingine, na ni kweli. Lakini mwisho wa habari wamhusu yeye pia: baadaye Abimeleki mwenyewe alikuja kwa Isaka kutaka agano, wakala pamoja wakaapiana, wakaachana kwa amani. Agano hilo lisingewezekana kama kungalikuwa na kaburi moja kando ya kisima cha kwanza.

Walimu na wasomewe watu wao sura hizi mbili kabla ya kiangazi, na wazee wa usharika wapange siku ya kukaa na wafugaji walio karibu. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.